Akishatembea Tusiache Kumpima

Mheshimiwa mgeni rasmi, wataalamu wenzangu wa utengamao, kazi ya kumrudishia mgonjwa uwezo wake, wauguzi, wanafunzi, na zaidi ya wote ninyi wazazi, wake, waume na ndugu mliofuatana na wagonjwa wenu: assalaam aleikum, tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe.

Nimepewa mada ya kupima uwezo wa kujongea kwa watu wanaopata nafuu baada ya ubongo kujeruhiwa. Naomba tuanzie kwenye faili.

Chukueni faili la kijana yeyote aliyeletwa hospitali baada ya ajali ya bodaboda akiwa hajitambui. Ukurasa wa kwanza una namba. Anafumbua macho kwa kiasi gani, anajibu nini akisemeshwa, viungo vinasogea vipi akibanwa: jumla 7 kati ya 15. Saa moja baadaye muuguzi kapima tena, 7. Alfajiri, 9. Kipimo hicho kilitoka Glasgow mwaka 1974, kazi ya Graham Teasdale na Bryan Jennett, na kilienea duniani kote kwa sababu kabla yake kila daktari alieleza fahamu za mgonjwa kwa maneno yake mwenyewe, na mwenzake akayaelewa kivingine. Namba ilimaliza ubishi. Wa zamu ya usiku anamkabidhi wa zamu ya asubuhi, na wote wawili wanajua mgonjwa anapanda au anashuka.

Sasa fungueni ukurasa wa mwisho, siku aliyoruhusiwa. Mtakuta ameandikiwa hali nzuri, anatembea, arudi kliniki baada ya mwezi. Namba zimekwisha. Mtu aliyepimwa kila saa alipokuwa hajui hata jina lake, siku anayorudi kwenye maisha yake hapimwi kabisa. Mwezi ukipita anarudi kliniki, na hakuna anayeweza kusema kama mwendo wake umeongezeka, umesimama palepale au umerudi nyuma, kwa sababu siku ile hakuna aliyeandika alianzia wapi.

Na hebu tujiulize hawa ni nani. Tafiti zilizofanyika hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, zimeleta picha ambayo kila anayefanya kazi wodini anaijua: wengi ni wanaume, wengi ni vijana, na ajali za barabarani ndizo zinazoongoza. Si watu wa kukaa mezani. Ni madereva wa bodaboda, ni vibarua wanaobeba zege kwenye ngazi za majengo, ni wabeba mizigo sokoni, ni makonda wanaodandia daladala ikiwa imeshaanza kuondoka, ni wakulima wanaokanyaga matope ya majaruba tangu asubuhi hadi jua la utosi. Mtu wa namna hiyo ukimtembeza polepole kwenye korido ya wodi, mkono wake umeshika ukuta, kisha ukamwambia nenda nyumbani umepona, umempima kwa maisha ya mtu mwingine.

Niwaeleze kwanza kwa nini jeraha hili linadanganya. Mguu ukivunjika, tatizo liko pale ulipovunjika na kila mtu analiona. Ubongo sivyo. Pikipiki inapogonga, kichwa husimama ghafla lakini ubongo ulio ndani huendelea kwenda. Sehemu za mbele hujigonga kwenye mifupa, na zile nyuzi ndefu zinazopeleka habari kutoka upande mmoja hadi mwingine huvutika, nyingine zikakatika. Ndiyo maana wagonjwa wawili wenye picha za CT, zile za ndani ya kichwa, zinazokaribiana watatembea tofauti kabisa. Mmoja upande wa kulia hauna nguvu. Mwingine nguvu anazo, ila kigimbi kimekaza hata kisigino hakigusi chini. Yupo ambaye misuli yote iko sawa, lakini akigeuza shingo dunia inazunguka. Na yupo, huyu ndiye anayenitia wasiwasi kuliko wote, ambaye hutaona kasoro yoyote mpaka umsemeshe huku anatembea. Anasimama katikati ya njia ili akujibu.

Kwa hiyo kumlaza kitandani na kumwambia sukuma mkono wangu, vuta mguu wako, ni sehemu ndogo ya kazi. Lazima aonekane akifanya shughuli.

Katika siku za mwanzo, fahamu zinaporudi kidogokidogo, kuna kipindi mgonjwa huchanganyikiwa na kuwa na fujo. Katika kipimo cha Rancho Los Amigos, kile cha hospitali ya California kinachopanga hatua za fahamu kurudi, hiyo ndiyo hatua ya nne. Anang'oa mipira aliyowekewa, anamtukana mama yake mzazi, anataka kushuka kitandani. Wanafunzi wangu, huyo msimpe maelekezo ya mtihani. Mtazameni. Je, akishuka anatua kwa miguu yote miwili? Mkono gani hautumii anapojivuta? Akiketi ukingoni mwa kitanda anaegemea upande gani? Andikeni hayo pamoja na saa, kwa sababu ubongo uliojeruhiwa huchoka upesi, na mgonjwa wa saa tatu asubuhi si mgonjwa wa saa kumi jioni. Nanyi wazazi, matusi yale si tabia ya mtoto wenu. Ni hatua, nayo hupita kwa wengi.

Akianza kusimama tuna vipimo vya kawaida, na sitavikalia sana maana wengi wenu mnavijua. Kipo cha Berg, cha mizani ya mwili, kilichotungwa Kanada mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya wazee, chenye vipengele 14 na alama 56. Kipo cha kuinuka kitini, kutembea mita 3, kugeuka na kurudi kuketi, cha mwaka 1991. Ipo kasi ya mita 10. Ni vipimo vizuri, vina kazi yake, na hospitali isiyo na chochote ianze navyo kesho. Shida yake ni kwamba vina dari ya chini. Katika kipimo kimoja cha kujitegemea kinachotumika sana nchi za nje, ukitembea mita 50 peke yako, salama, bila kifaa na bila kuchelewa sana, umepata alama ya juu kabisa, 7, na kipengele hicho kimekwisha. Ukitaka kujua urefu wa watu kwa kuwapitisha kwenye mlango mfupi, wote watakaoinama utawaandika kuwa warefu sawasawa. Hivyo ndivyo tunavyowafanyia vijana hawa. Kijana wa miaka 24 anapata 56 kati ya 56 kwenye kipimo cha wazee, tunampongeza, halafu nyumbani anashindwa kuruka mtaro wa maji mbele ya mlango wao.

Watu wa Melbourne, Australia, waliliona tatizo hilo. Mwaka 2005 Gavin Williams na wenzake walianza kuchapisha kazi juu ya kipimo walichokitunga mahsusi kwa walioumia ubongo, kinachofahamika kwa kifupi kama HiMAT, yaani kipimo cha kujongea kwa kiwango cha juu. Anayefaa kupimwa nacho ni yule ambaye tayari anatembea mita 20 bila fimbo, bila gongo na bila kushikwa. Yaani kinaanzia pale vingine vinapochoka. Kina vipengele 13 na alama 54, na mtu aliyekizoea hukimaliza kwa dakika 5 hadi 10.

Nataka mgeni rasmi asikie orodha ya vifaa, maana kila tukizungumzia utengamao hofu ya kwanza ni bajeti. Inatakiwa njia iliyonyooka ya mita 20, saa ya kuhesabu sekunde ambayo kila simu inayo, futi kamba ya fundi, ngazi za vidato 14, na tofali moja. Tofali la kawaida la kujengea. Hakuna mashine, hakuna umeme.

Katika zile mita 20, unapima muda wa mita 10 za katikati tu, ili mwanzo wa kuondoka na mwisho wa kusimama visiharibu hesabu. Anatembea kwa kasi ya juu anayoimudu kwa usalama. Anatembea kinyumenyume. Anatembea kwa vidole, na kisigino kikigusa chini ndani ya zile mita 10 ameshindwa kipengele hicho. Anavuka tofali lililolazwa katikati ya njia bila kuligusa wala kulizunguka. Anakimbia. Anakwenda kwa kurukaruka huku miguu ikipokezana, mwendo wa watoto wanapotoka shule. Anaruka mbele kwa mguu mmoja, ule ulioathirika zaidi, mita 10 nzima. Anaruka kutoka mguu mmoja na kutua kwa mwingine, mara tatu kwa kila upande, nawe unapima sentimita na kuchukua wastani. Mwisho anapanda na kushuka ngazi, na hapo unaangalia kama anashika reli na kama anaweka miguu yote miwili kwenye kidato kimoja.

Kipengele cha kukimbia ndicho ninachokipenda, kwa sababu hakina huruma. Wengi hudhani wanakimbia. Wanakwenda haraka, mikono imepandishwa, jasho linatoka, na ndugu wanashangilia pembeni. Lakini sharti la kipimo ni kwamba lazima kuwe na nukta ambayo miguu yote miwili iko hewani, na iwe hivyo hatua baada ya hatua. Kama mguu mmoja daima uko chini, huko ni kutembea kwa haraka, na alama ni 0. Hapo simu ya mzazi inasaidia kuliko jicho langu. Mrekodi akipita, kisha chezesha picha polepole.

Nacho kile cha vidole kina siri yake. Williams na wenzake waliuchunguza pia mwendo wa watu hawa kwa vifaa vya maabara, wakaona kwamba kinachopungua sana ni nguvu ya kusukuma ya kifundo cha mguu, ile inayokurusha mbele hatua inapoisha. Nyonga ndiyo inayobaki ikifanya kazi ya ziada kufidia. Mtu wa aina hiyo anaweza kutembea mbele yako ukaona yuko sawa. Mwinue kwa vidole, kigimbi kitajisema chenyewe. Na mkishajua hilo, mazoezi mnayompa yanabadilika. Kumzungusha uwanjani kila siku hakutarudisha nguvu ya kigimbi. Yanahitajika mazoezi ya kigimbi chenyewe, yenye mzigo na yenye kasi.

Najua swali linalowakaa wenzangu wa wilayani. Hospitali zetu nyingi ni za chini, hazina ghorofa, hizo ngazi za vidato 14 tutazitoa wapi? Waliotunga kipimo waliliangalia hilo pia. Mwaka 2010 walitoa toleo fupi la vipengele 8, alama za juu 32, ambalo limeondoa ngazi. Zahanati yenye ukumbi mrefu au uwanja uliosawazishwa inaweza kulitumia. Ila chagueni toleo moja na mbaki nalo kwa mgonjwa huyo, na mwandike ni lipi, maana 30 kati ya 32 na 30 kati ya 54 ni watu wawili tofauti.

Sasa namba ikipatikana inasema nini? Kijana mzima, mzoefu wa kukimbia na kuruka, hukaribia alama zote 54. Hicho kinatupa dira. Lakini thamani kubwa iko kwenye kurudia. Watunzi walipowapima watu walewale mara mbili ndani ya siku chache, waliona alama huweza kupanda kidogo kwa kuzoea tu, bila mgonjwa kubadilika. Kwa hiyo wakaweka kanuni: ongezeko liwe angalau alama 4 ndipo useme kwa uhakika kuwa amepanda, na akishuka alama 2, shtuka. Iangalieni hiyo tofauti. Kushuka kidogo kuna uzito kuliko kupanda kidogo. Aliyekuwa na 38 mwezi uliopita na leo ana 35 hakuwa na siku mbaya tu. Tafuta sababu. Huenda misuli imeanza kukaza, huenda dawa imebadilishwa, huenda maji yanajaa kwenye ubongo na anahitaji kurudi kwa daktari wa upasuaji haraka. Bila namba ya mwezi uliopita, kushuka huko kusingeonekana.

Nimesema mengi ya kukisifu, niseme na pale kinapotupungukia. Kilitungwa Melbourne, kwa watu wa Melbourne. Hakuna kipengele cha kuchuchumaa. Kwetu mtu asiyeweza kuchuchumaa na kuinuka bila kushika kitu hawezi kwenda choo cha shimo peke yake, na kijana akishapelekwa chooni na mke wake au na mdogo wake, kuna kitu kinavunjika ambacho hakionekani kwenye picha ya CT. Hakuna kipengele cha kuketi mkekani na kuinuka. Muislamu anayetaka kurudi kuswali anahitaji kurukuu, kusujudu na kusimama tena, mara nyingi kwa siku, bila kizunguzungu na bila kuanguka juu ya mwenzake kwenye safu. Hakuna kubeba ndoo ya lita 20. Hakuna kupanda daladala yenye kidato cha juu huku watu wanasukumana nyuma.

Ushauri wangu ni huu, na nausisitiza kwa wanafunzi: msikiguse kipimo cha watu. Mkiongeza kuchuchumaa ndani ya HiMAT mkagawa alama mnavyoona, namba yenu haitalingana na ya mtu yeyote duniani. Kiacheni kilivyo, halafu pembeni muwe na karatasi ya pili, ya shughuli za nyumbani za mgonjwa huyu. Muulizeni yeye na familia yake: kesho akiamka, kitu gani lazima akifanye kwa mwili wake? Mama lishe atasema kuinua sufuria la ubwabwa kutoka jikoni chini hadi mezani. Mvuvi atasema kusimama ndani ya mtumbwi. Andikeni vitu vitatu au vinne, vitazameni akivifanya hasa, na muandike: hawezi, anaweza akisaidiwa, anaweza kwa kushika kitu, anaweza mwenyewe. Mwezi ujao rudieni vilevile.

Kuna kasi ya barabarani pia. Wahandisi wanaopanga taa za waenda kwa miguu kwa kawaida huchukulia kwamba mtu hutembea mita 1.2 kwa sekunde. Njia nne za magari, kila moja mita 3.5, ni mita 14. Mwenye kasi hiyo anavuka chini ya sekunde 12. Mgonjwa wetu anayekwenda mita 0.6 kwa sekunde anahitaji zaidi ya 23. Wodini tulimwona anatembea vizuri. Barabara ya Morogoro, hata ikiwa na kivuko na watu wanaofuata sheria, haimsubiri sekunde 23. Hesabu hii inafanyika kwa simu, dakika moja, na jibu lake ndilo linaloamua kama avuke peke yake au bado.

Nirudi kwa yule anayesimama ukimsemesha. Mwaka 1997 watafiti wa Sweden walichapisha jambo walilolishuhudia kwa wazee: waliosimama kutembea pindi wakianza kuongeshwa ndio waliokuja kuanguka zaidi katika miezi iliyofuata. Kwa mtu mzima, kutembea hakuhitaji kufikiria. Miguu inakwenda, akili inafanya mengine. Ubongo uliojeruhiwa mara nyingi hulazimika kuusimamia mwendo hatua kwa hatua, na ukiupa kazi ya pili, moja kati ya hizo mbili inaanguka. Mpimeni hivi. Kwanza mita 10 za kimya, andikeni sekunde. Kisha mita 10 zilezile akiwa anatoa tatu tatu kutoka 100, au kama hesabu hazikuwa rafiki yake hata kabla ya ajali, ataje vituo vya daladala za njia yake: Zakhem, Mtongani, Kwa Azizi Ally. Andikeni sekunde tena, na muandike alikosea vituo vingapi. Pengo kati ya namba hizo mbili ndilo sokoni. Ndiko anakokwenda kuishi, kwenye honi, muziki wa dukani, watu wanaomwita jina na mtoto anayekatiza mbele yake.

Wapo waliotoka kwangu na alama nzuri za mwendo wa kimya, nikawakuta kwenye jaribio la pili wanapunguza kasi kwa nusu. Hao sikuwarudisha kazini mapema, na baadhi ya familia hazikufurahi. Naelewa. Mwenye nyumba anadai kodi, pikipiki ni ya mkataba, hesabu ya tajiri inasubiriwa kila jioni. Lakini sitaandika kwamba mtu yuko tayari wakati nimeona kwa macho yangu hayuko tayari.

Na hapa niseme wazi, mtu asije akaondoka na tafsiri yake: hata akipata 54 kati ya 54, hicho si kibali cha kuendesha pikipiki. HiMAT inapima miguu na mizani ya mwili. Haipimi uamuzi wa haraka, uoni wa pembeni, hasira, wala hatari ya kifafa, ambayo huwafuata baadhi ya walioumia kichwa. Kurudi barabarani akiwa dereva ni uamuzi wa daktari na tathmini yake ni nyingine.

Kizunguzungu nacho tusikipuuze. Mgonjwa anasema nikilala upande huu chumba kinazunguka, nikiinuka ghafla kinazunguka, kisha kinatulia. Anajibiwa kwamba ni kawaida ya walioumia kichwa, avumilie. Mara nyingi si wa kuvumilia. Ndani ya sikio kuna chembe ndogo za chokaa zinazosaidia mwili kujua uko wima au umelala. Kishindo cha ajali huweza kuzing'oa zikaingia kwenye mifereji isiyo yake. Madaktari Dix na Hallpike walieleza mwaka 1952 namna ya kumpima: kichwa kimegeuzwa upande, analazwa upesi, unatazama macho yake kama yanachezacheza. Ikiwa ni hilo, kuna utaratibu wa kugeuza kichwa kwa hatua unaozirudisha chembe mahali pake, bila dawa, na mtu anaweza kupata nafuu siku hiyohiyo. Bila shaka shingo iwe imeshathibitishwa kuwa salama kabla hamjaigeuza.

Hilo linanipeleka kwenye usalama, na hapa siwezi kulegeza. Aliyeondolewa kipande cha fuvu na bado hakijarudishwa asikimbizwe wala asirushwe kwa mguu mmoja bila ruhusa ya daktari wake wa upasuaji. Aliyevunjika mguu kwenye ajali ileile, mfupa uwe umeunga kwanza. Anayeumwa nyonga huku mwendo wa kiungo unazidi kupungua apigwe picha, kwa maana kuna wagonjwa wa majeraha makubwa ya ubongo ambao mfupa huwaotea ndani ya nyama karibu na kiungo, na kumlazimisha anyooke kutamuumiza. Wakati wa kupima, mtu mmoja anashika saa na mwingine anakwenda naye sambamba, upande dhaifu, mikono tayari. Mpimaji mmoja hatoshi kwa kukimbia na kuruka. Viatu vya kamba, si kandambili. Mpeni jaribio moja la kujizoeza kabla ya kuhesabu. Akikataa kipengele, andikeni amekataa. Msimshawishi mbele za watu.

Ninyi ndugu wa wagonjwa, kazi yenu katika haya yote ni kubwa kuliko mnavyoambiwa. Mgonjwa aliyeumia sehemu za mbele za ubongo mara nyingi haoni upungufu wake mwenyewe. Ukimuuliza, umeanguka mwezi huu? Atasema hapana, kwa moyo mweupe, na mkewe aliyemwinua mara mbili amekaa pembeni, kanyamaza kwa kumstahi. Mama, sema. Kama hutaki kusema mbele yake, mwombe mhudumu mzungumze pembeni. Andika kwenye daftari siku aliyoanguka, alikuwa anafanya nini, ilikuwa saa ngapi. Mrekodi kwa simu akipanda kibaraza, akitoka chooni, akirudi dukani na mfuko mkononi, kwa ridhaa yake. Mkija kliniki, dakika tatu za picha hizo zinaniambia mengi kuliko korido yangu.

Na siku ya kuruhusiwa, kabla hamjapokea dawa na kuondoka, ulizeni: amepata alama ngapi, kwa kipimo gani, na apimwe tena lini? Swali hilo si la kumvunjia mtaalamu heshima. Mnapopeleka mtoto kliniki mnarudi na kadi yenye uzito wake, na mama yeyote anajua mstari unapopinda kushuka kuna jambo. Aliyetoka kwenye usingizi wa wiki mbili anastahili karatasi yake pia. Mkijibiwa kwamba anatembea tu inatosha, ulizeni mara ya pili, kwa adabu ileile.

Wasimamizi wa hospitali, kwenu nina ombi moja tu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa huduma za utengamao ambao unalitaja jeraha la ubongo miongoni mwa maradhi yanayohitaji tathmini na huduma hizo, kwa hiyo hamtaonekana mnabuni jambo la ajabu. Tupeni mita 20 za sakafu zisizowekewa mabenchi wala mitungi ya gesi. Tutapiga mistari minne ya rangi: 0, 5, 15 na 20. Na kwenye karatasi ya kuruhusu mgonjwa, ongezeni mstari mmoja wa kuandika alama za mwendo na tarehe ya kupimwa tena.

Nimemaliza kusema, sasa tufanye. Mistari imeshapigwa kwenye njia iliyo nyuma ya ukumbi huu, na tofali liko pale. Wanafunzi mgawanyike wawili wawili, mmoja wa saa, mmoja wa kwenda sambamba. Mtaanza kwa kupimana ninyi wenyewe vipengele vyote 8 vya toleo fupi, ili mjue kuruka mita 10 kwa mguu mmoja kunamtaka mtu nini, kabla hamjamwomba mgonjwa afanye. Baada ya chai tutawapima wagonjwa watatu waliokubali na ambao madaktari wao wameridhia, kila mmoja na karatasi zake mbili, na karatasi hizo wataondoka nazo nyumbani. Wale wa kufunga kamba za viatu, fungeni sasa.